Walipofika, Walikula Nini?

Ninafundisha darasa la watu wazima hapa Nyarugusu, mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri, wakati kina mama wamerudi kutoka kwenye kuni na jua limepungua ukali. Wengi wao wametoka Fizi na Uvira, na kuna wazee wachache pia. Tunaanza na herufi, tunakwenda kwenye majina yetu, halafu hesabu za mgao. Ijumaa huwa nasimulia historia, maana mtu aliyechoka na herufi anahitaji kitu cha kumrudisha darasani wiki inayofuata.

Ijumaa moja niliwasimulia habari za William na Ellen Craft, mume na mke waliotoroka utumwa huko Marekani wakakimbilia Uingereza. Nilikuwa nimesoma kitabu chao cha zamani, kilichotoka London mwaka 1860. Nilisimulia vizuri, sijisifu. Meli ilipotia nanga Liverpool nikasema, "Basi, wakawa huru," nikafunga daftari. Kusema kweli nilitegemea makofi.

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kisha walikulaka nini?"

Darasa zima likacheka, kicheko cha watu walioulizwa jambo ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni. Mzee mmoja, mvuvi wa Baraka, akaongeza: "Na nyumba waliwapa nani?" Mwingine: "Na ile mama yake aliyebakia kule, walionanaka tena?"

Sikuwa na majibu. Kitabu kinamaliza muda mfupi tu baada ya bandari, na maisha ya Uingereza yanapata nafasi ndogo. Kumbe mimi mwenyewe, niliyevuka ziwa mwaka 1998 nikiwa na baba mdogo, nilikuwa nasimulia habari za wakimbizi kama mtu asiyewahi kukimbia. Nilisahau kwamba siku ya kuvuka ni siku moja, na zinazofuata ni nyingi mno.

Nimetafuta majibu kwa miezi kadhaa, kwa simu wakati bando lipo, na kwa karatasi alizonichapia mfanyakazi mmoja wa shirika. Nayaandika hapa kwa ajili ya darasa langu, na kwa yeyote mwingine mwenye swali kama la yule mama.

Kwa wale wasiokuwepo siku ile, safari yenyewe ilikuwa hivi. Ellen alizaliwa mwaka 1826 katika mji wa Clinton, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Mama yake, Maria, alikuwa mtumwa, na baba yake alikuwa yule yule bwana aliyemmiliki Maria. Sheria ya kule ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba awe tajiri wa namna gani, hata ngozi ya mtoto iwe nyeupe kama ya Ellen. Wageni walipofika nyumbani walidhani ni binti wa bwana. Bibi wa nyumba hakulipenda jambo hilo. Ellen alipofikisha miaka 11 alitolewa kuwa zawadi ya harusi kwa binti wa nyumba ile, yaani dada yake wa baba mmoja, akapelekwa mji wa Macon.

Macon ndiko alikokutana na William, seremala wa samani, naye mtumwa, ambaye wazazi na ndugu zake walikuwa wameuzwa huku na huku. Wakaoana mwaka 1846, ndoa ya watumwa, isiyo na nguvu mbele ya sheria. Wakapatana jambo moja zito: wasizae watoto utumwani.

Desemba 1848 wakatoroka. Ellen alikata nywele, akavaa suruali, koti, kofia ndefu na miwani ya kijani, akajifanya kijana wa kizungu mwenye mali, mgonjwa, anayekwenda Philadelphia kutafuta matibabu. William akajifanya mtumwa wake. Usoni Ellen alifungwa kitambaa ili asionekane hana ndevu na watu wasimsemeshe sana. Mkono wa kulia nao ukafungwa na kuning'inizwa shingoni.

Kwa nini mkono? Darasani nilipouliza hivyo, watu walikaa kimya. Msafiri alitakiwa kuandika jina lake kwenye daftari la hoteli na mahali pa kukatia tiketi, na Ellen hakujua kuandika. Mkono mgonjwa hauombwi saini. Kati ya hatari zote za safari ile, hiyo ndiyo wanafunzi wangu waliielewa upesi kuliko mimi. Wao wenyewe wameshaweka dole gumba kwenye wino mara nyingi, mbele ya vijana wanaoweza kuwa watoto wao.

Kwa treni na meli walikwenda zaidi ya kilomita 1,600, wakafika Philadelphia asubuhi ya Krismasi. Siku nne tu. Familia moja ya wakulima wa Kanisa la Marafiki iliwakaribisha, ikawafundisha herufi za kwanza hadi wakaweza kuandika majina yao. Kisha wakaenda Boston, kaskazini zaidi, kwenye jimbo lisilo na utumwa. William akafanya useremala, Ellen akashona. Wangeweza kuzeekea pale.

Mwaka 1850 sheria ikabadilika. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na Rais Millard Fillmore akaisaini mwezi Septemba. Tangu siku hiyo mtumwa aliyekimbilia kaskazini angeweza kukamatwa popote na kurudishwa kusini. Aliyemficha angeweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa miezi sita. Ofisa aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akimrudisha mtu na dola 5 akimwachia. Hapo mzee mvuvi alitikisa kichwa: "Huyo ameshalipwa kabla hajasikiliza."

Oktoba ile ile watu wawili wakafika Boston kutoka Georgia kuwatafuta William na Ellen. Majirani, weusi kwa weupe, waliwaficha, wakawasumbua wale wawindaji mpaka wakaondoka mjini. Lakini sheria ilibaki pale pale. Sisi tuliokimbilia nchi jirani tunajua kwamba wakati mwingine ng'ambo ya pili bado ni karibu mno. Novemba 1850 mchungaji Theodore Parker aliwafungisha ndoa ya halali, na baada yake wakaondoka, wakapita Portland hadi Halifax, nchi ya Kanada ya leo. Walipofika, meli ilikuwa imeshaondoka. Wakasubiri karibu wiki mbili, na hata kupata chumba kulikuwa shida kwa sababu ya rangi ya William, ingawa bendera pale ilikuwa ya Waingereza. Mwishowe wakapanda meli Cambria. Ellen aliugua baharini hadi ikadhaniwa hatafika. Desemba walishuka Liverpool.

Kwa nini Uingereza? Mwaka 1772 jaji mmoja wa London, Lord Mansfield, alikuwa ameamua kwamba bwana hawezi kumchukua mtumwa wake kwa nguvu na kumtoa nje ya nchi ile. Mwaka 1833 Bunge likapiga marufuku utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake, kuanzia Agosti 1834. Tusiwapambe Waingereza kupita kiasi. Bunge hilo hilo lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia waliopoteza watumwa, na waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti. Lakini kwa Ellen na William jambo moja lilitosha: hapa hakuna polisi atakayegonga mlango kwa niaba ya Georgia.

Sasa nirudi kwenye swali. Walikula nini?

Mwanzoni walikula hadithi yao. Rafiki yao William Wells Brown, naye mtoro wa utumwa, alikuwa Uingereza tayari, akawachukua kwenye mikutano ya hadhara Scotland na England. Brown alihutubia juu ya utumwa. William alisimulia safari ya siku nne. Halafu Ellen aliitwa jukwaani, asimame watu wamwone. Mara nyingi hakusema kitu. Watu walimtazama mwanamke ambaye ngozi yake haikutofautiana na yao, wakalia. Wenyeji waliwalaza majumbani mwao, na fedha zikachangwa.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Mimi nimesimulia safari yangu ya ziwa mara nyingi: kwenye usajili, kwenye mahojiano, kwa watafiti, kwa wageni wenye kamera. Sikatai, hadithi yangu imenisaidia. Lakini ukiisimulia mara nyingi, unafika mahali unajua ni wapi msikilizaji atainamisha kichwa, na unapunguza sauti pale pale. Sijui Ellen alijisikiaje jukwaani. Najua tu kwamba baada ya miezi kadhaa ya mikutano, yeye na mumewe walichagua kwenda shule.

Kabla ya shule kuna siku moja ninayoipenda. Juni 1851 pale Hyde Park, London, kulikuwa na Maonyesho Makubwa, ndani ya jumba la vioo lililojaa mashine na bidhaa za dunia nzima. Marekani ilileta sanamu nyeupe ya mwanamke wa Kigiriki aliyefungwa minyororo, kazi ya Hiram Powers, na watu walipanga foleni kuihurumia. Ellen, William na Brown waliingia pamoja na marafiki wa Kiingereza, weusi na weupe wameshikana mikono, wakatembea kutwa nzima mbele ya maelfu ya watu, wakiwemo Wamarekani wenzao. Waliisogelea ile sanamu ili watazamaji walinganishe mtumwa wa jiwe na mtumwa wa kweli. Ellen alitembea tu, kama mtu mwingine yeyote aliyelipa kiingilio. Kule Georgia, kutembea hivyo kungehitaji kibali cha bwana.

Ndipo tunafika Ockham, na hapa darasa langu lilisogeza viti.

Ockham ni kijiji cha Surrey, kusini magharibi mwa London. Kulikuwa na shule iliyofadhiliwa na Lady Byron, mjane wa mshairi Byron, na kusimamiwa na familia ya jaji mmoja mpinga utumwa, Stephen Lushington. Ilifundisha watoto wa vijijini kusoma na kuandika pamoja na kazi za mikono: kilimo, useremala, ushonaji. Daktari John Bishop Estlin wa Bristol na marafiki wengine waliwatafutia William na Ellen nafasi pale. Walikuwa watu wazima, wenye miaka ishirini na kitu, wameketi na madaftari katika shule ya watoto. Lakini hawakuingia kama wanafunzi tu. William aliwafundisha wavulana useremala na Ellen aliwafundisha wasichana kushona. Asubuhi mwanafunzi, alasiri mwalimu, au kinyume chake.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kamili kwa yule mama. Walikula kazi waliyokuja nayo mikononi, kwa sababu kuna mtu aliyewauliza wanajua kufanya nini. Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma jarida hili, nawaomba mlitazame jambo hili kwa utulivu. Tunapofika, fomu huuliza tumekimbia nini, na ni haki iulize. Ila kwenye zoni hizi kuna maseremala, wakunga, washonaji, wavuvi na walimu ambao tangu siku ya usajili hawajaulizwa swali la pili.

Oktoba 1852, pale Ockham, Ellen alijifungua mtoto wao wa kwanza. Walimpa jina Charles Estlin Phillips: Estlin wa yule daktari wa Bristol, Phillips wa Wendell Phillips, mtetezi wao wa Boston. Kina mama walicheka niliposoma hayo, maana hata hapa kambini kuna watoto wanaoitwa kwa majina ya wauguzi na madereva wa mashirika. Lakini kumbuka ile ahadi ya Macon. Walikuwa wamesubiri miaka sita ili mtoto huyu azaliwe mahali ambapo hali ya mama haimfungi mtoto.

Mwezi huo huo Ellen alifanya jambo jingine. Uvumi ulikuwa umeenea Marekani kwamba amechoka na Uingereza, kwamba anatamani kurudi kwa mabwana zake kule Georgia. Uvumi wa namna hiyo tunaujua. Eti fulani amejiandikisha kurudi, eti fulani amekiri kwamba kule ni bora, na mwenyewe ukimwuliza anashangaa. Ellen alijibu kwa barua kutoka Ockham, yenye jina lake chini, nayo ikachapwa kwenye gazeti la wapinga utumwa. Alisema ni afadhali afe njaa Uingereza akiwa mwanamke huru kuliko kuwa mtumwa wa mtu mwema kuliko wote wa bara la Amerika.

Miaka minne kabla, mkono ule ulikuwa umefungwa kitambaa ili usiombwe saini.

Sitaki mfikiri kwamba Uingereza ilikuwa imejitenga na utumwa. Shati la kila siku lilikuwa la pamba, na sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa kwenye viwanda vya Lancashire ilitoka kusini mwa Marekani, ikachumwa na watu kama mama yake Ellen. Kulikuwa na Waingereza wachache waliokataa kununua nguo za pamba ya watumwa, lakini wengi walilia kwenye mkutano jioni na kuvaa pamba hiyo asubuhi.

Na nguo hiyo ilifika mpaka kwetu. Wazee wanalijua neno marekani, ile nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi. Lilipata jina kwa sababu lilitoka kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani, likapakiwa bandari ya Salem, likaletwa Zanzibar, ambako Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Sultani tangu 1833. Kutoka pwani lilibebwa vichwani hadi Ujiji, hapa hapa Kigoma, na likavuka ziwa. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta nguo hiyo ni kama fedha: kwayo ulinunua chakula, pembe za ndovu, na watu. Pamba aliyoichuma mtumwa wa Amerika ilikuja kununua mtumwa wa Manyema. Nilipowaambia hivyo, mzee mvuvi alishika shati lake, akalitazama, hakusema kitu.

Wakati nguo ile inahesabiwa Ujiji, William na Ellen walikuwa wameshahamia Hammersmith, magharibi mwa London, kwenye nyumba ya kawaida mtaa wenye nyumba za kawaida. Hilo ni jibu kwa mzee: nyumba hawakupewa, waliitafuta wenyewe baada ya miaka ya kuishi kwa watu. Watoto wakaongezeka hadi watano. William alijaribu biashara mbalimbali, nyingine zikaenda, nyingine zikakwama. Hawakutajirika. Mwaka 1860 wakatoa kile kitabu, na jalada likabeba jina la William peke yake, ingawa safari ilikuwa ya wawili na aliyevaa kofia ndefu ni Ellen.

Mwishoni mwa 1862 William alisafiri kwenda Dahomey, Benin ya leo, kumshawishi Mfalme Glele aachane na biashara ya watumwa na ashike biashara ya mazao. Akarudi London, akaenda tena, akakaa Ouidah hadi 1867. Kati ya safari hizo, mwaka 1863, alihudhuria mkutano wa wanasayansi mjini Newcastle. Bwana mmoja, James Hunt, alisimama kueleza kwa lugha ya kitaalamu kwamba mtu mweusi ni duni kwa maumbile. William, aliyejifunza kusoma ukubwani, alisimama kwenye ukumbi ule ule akampinga mbele ya wote. Kumi na miwili ilikuwa imepita tangu awasimulie Waingereza jinsi alivyokimbia. Sasa alikuwa anabishana nao juu ya mambo ya dunia.

Na Ellen? Kina mama waliniuliza hapa kabla sijafika. Mume yuko Afrika miaka, nani yuko na watoto? Ellen. Aliendesha nyumba ya Hammersmith, akalea watoto wanaoongea Kiingereza cha London, akapokea wageni, na baada ya vita vya Marekani akachangisha msaada kwa walioachiwa huru. Vitabu vinaandika sana Dahomey. Habari za jiko la Hammersmith ni chache, na nadhani ndiko wengi wetu tungejiona.

Limebaki swali la mama yake.

Maria alibaki Georgia siku Ellen alipotoroka. Kwa miaka 17 hawakuonana. Vita vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafa, Ellen na marafiki zake walimtafuta Maria hadi akapatikana Macon, wakamlipia safari, na mwaka huo huo akafika London. Bibi akawaona wajukuu wake, waliozaliwa huru wote. Nilipolisoma hilo darasani sikumaliza sentensi vizuri. Mama yangu yuko Fizi. Tunasikilizana kwa simu mtandao ukikubali, lakini uso wake sijauona tangu 1998. Mama wa pale mlangoni alinisaidia. Alisema, "Soma tena, mwalimu. Ile ya kuonana."

Mwishoni mwa miaka ya 1860 William na Ellen walirudi Marekani. Hakuna aliyewalazimisha. Baada ya kama miaka 18 walikuwa na kazi, watoto na marafiki Uingereza, na bado walitaka kwenda walikozaliwa kufanya kitu. Kurudi hakukuwa sherehe. Shamba la kwanza walilokodi, upande wa South Carolina, lilichomwa moto mwaka 1870 na wazungu waliopanda farasi usiku. Wakavuka tena Georgia, wakapata shamba la Woodville karibu na Savannah, wakafungua shule ya watoto wa wakulima waliotoka utumwani, kwa mfano wa Ockham: herufi na kazi za mikono pamoja. Baada ya miaka kadhaa William alishutumiwa kwamba anakula fedha za wafadhili. Akashtaki kulisafisha jina lake, akashindwa kesi, na shule ikadhoofika. Ellen alifariki 1891, William 1900, wakiwa hawana mali ya kutaja.

Nimefikiri sana juu ya kurudi kwao. Watu watakaolitumia kusema "mnaona, hata wao walirudi" wakumbuke ile barua ya 1852. Mwanamke yule yule aliyeapa ni afadhali njaa kuliko kurudi, alirudi. Kilichobadilika ni kule alikotoka: bwana hakuwepo tena kisheria, na yeye alikuwa na kitu mkononi cha kupeleka. Aliamua mwenyewe siku yake. Hayo mawili, na uhuru wa kuchagua siku, ndiyo ninayaelewa mimi kwa neno hiari.

Mwaka 2021 kibao cha bluu kiliwekwa Hammersmith, kwenye nyumba moja ya Cambridge Grove, kuonyesha kwamba waliishi pale. Kinanifurahisha kwa sababu hakikuwekwa bandarini waliposhukia. Kimewekwa kwenye nyumba waliyokuwa wakifungua mlango kila asubuhi, watoto wakienda shule na mama akihesabu fedha ya mkate.

Ijumaa nilipomaliza majibu yote, nilimwuliza yule mama kama ameridhika. Akasema ameridhika na chakula, na nyumba, na bibi kuonana na wajukuu. Kisha akafungua daftari lake, akanionyesha jina lake aliloliandika mistari kumi, moja kwa moja, bila kukosea.

"Jina nimeshaweza," akasema. "Sasa nifundishe barua."

Ana dada yake Bukavu. Tumeanza na salamu.